Mfarishi wa sadaka: nani analipia uzi?

Tuanze na hesabu ya kitambaa. Leso moja ina urefu wa kama mita 1.5 na upana wa mita 1.1. Blanketi ambalo mashirika ya misaada huwagawia watu wakati wa maafa huwa na mita 1.5 kwa 2. Ukitaka kushona mfarishi wa viraka, yaani blanketi la vipande vya kitambaa vilivyoungwa, wa kimo hicho, wenye uso na mgongo, leso tatu hazitoshi. Utakata nne, yaani jozi mbili, kwa sababu kila unapounga kiraka na kiraka mshono unakula kitambaa pande zote mbili. Tia uzi, tia shuka kuukuu ya kulaza katikati, tia sindano zitakazovunjika. Hujamlipa mtu hata shilingi moja na tayari umeshaifikia bei ya blanketi la manyoya kutoka China lililokunjwa kwenye rafu za maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya maduka hapa kwetu Lamu, pengine umeipita. Jioni za kushona bado hazijahesabiwa.

Natangulia na hesabu kwa makusudi. Wazo la kina mama wa mtaa kukusanya vitambaa, kukaa pamoja baada ya Alasiri, kushona mifarishi na kuipeleka hospitalini au kwa waliohamishwa na mafuriko ni wazo linalopendeza kila linapotajwa, na kwa sababu linapendeza hakuna anayelihoji. Mimi silikatai. Nataka tu tuulizane mambo mawili yanayorukwa: mfarishi huo unamfaa nani, na gharama yake anaibeba nani. Kwa la kwanza, naona unawafaa watu wachache kuliko tunavyodhani, na hao wachache wako karibu nasi. Kwa la pili, mzigo wote humlalia mwenye sindano. Hilo lisipobadilika, heri tununue mablanketi tukalale.

Wenzetu walioifanya kazi hii kwa miongo mingi wana la kutufunza, zuri na baya. Kule Marekani, shirika la Lutheran World Relief lilianza mwaka 1945, Ulaya ikiwa bado kwenye vifusi vya Vita vya Pili vya Dunia. Mpaka leo vikundi vya makanisani humo hushona mifarishi inayosafirishwa hadi nchi za mbali, kwa mamia ya maelfu kwa mwaka. Kipimo wanachopewa washonaji ni inchi 60 kwa 80. Geuza kuwa mita, utapata ile ile 1.5 kwa 2 ya blanketi la dharura. Kitu kitakachofungwa marobota, kikapakiwa kwenye kontena na kuhesabiwa bandarini lazima kilingane na mwenzake, hata kama kila kimoja kina rangi zake.

Halafu kuna Project Linus, mradi ulioanza Colorado, Marekani hiyo hiyo, mwaka 1995. Mwanzilishi wake, Karen Loucks, aliguswa na habari ya mtoto mwenye saratani ya damu aliyekuwa akijikaza kwa blanketi lake muda wote wa matibabu. Hawa wana matawi, na kila tawi linatazama hospitali na nyumba za watoto za eneo lake. Masharti yao yanakwenda moja kwa moja kwenye jambo: kitu kiwe kipya, kiwe cha kutengenezwa na mtu kwa mikono yake au kwa cherehani yake, kiweze kufuliwa, na kisiwe na pini iliyosahaulika ndani.

Njia ya kwanza ni ya wingi, ya pili ni ya ujirani. Ukiniuliza, watu wetu wakisikia habari za mifarishi ya sadaka huikimbilia ile ya kwanza, kwa sababu idadi kubwa inapendeza kwenye taarifa. "Tumetoa mifarishi mia." Lakini wingi ule una vitu nyuma yake ambavyo havionekani kwenye picha. Washonaji wengi ni wastaafu wenye pensheni. Wanakutana kwenye ukumbi wa kanisa wenye meza ndefu na umeme. Kabati zimejaa mabaki ya vitambaa vya maisha mazima ya kununua vitambaa. Mama wa mtaa wetu wa Langoni anayekaanga bajia asubuhi, anayechota maji mchana na kusimamia madrasa ya watoto jioni hana pensheni ya kumpa saa hizo. Tukiiga idadi bila kuiga pensheni, tutakuwa tumemwongezea kazi tukaiita baraka.

Na wingi una aibu zake. Tsunami ya Desemba 26, 2004 ilipoanzia Sumatra, Indonesia, ilitufikia hata sisi. Watamu, karibu na Malindi, mtu alikufa maji. Kule Aceh, ilikoangukia kwa nguvu zote, watu wa mbali walituma nguo kwa nia njema kabisa. Nyingi zilirundikana ufuoni kwa sababu hakuna aliyekuwa na nafasi ya kuzichambua, zikaoza, mwisho zikachomwa moto. Wahudumu walikuwa wanatafuta maji safi na dawa, huku wakizungukwa na milima ya nguo ambazo hakuna aliyeziomba.

Sisi hatuko mbali na maafa ya namna hiyo. Mwishoni mwa 2023, maji ya mto Tana yaliikata barabara ya Lamu kwenda Garsen, mabasi yakakwama, bidhaa zikapanda bei hadi kisiwani. Mtu aliyetoka nyumbani usiku, maji magotini na mtoto begani, anataka turubai, neti, dawa ya kusafishia maji na kitu cha kujifunika usiku huo huo. Mfarishi wa mkono unataka wiki kadhaa. Ukisema basi tushone mapema tuweke akiba, nitakuuliza utaiweka wapi. Ghala la Lamu bila uangalizi ni makao ya panya na ukungu. Hewa ya chumvi na unyevu wa masika huingia hadi kwenye sanduku lililofungwa. Akiba inawezekana, ila inahitaji mtu wa kuitoa nje, kuianika, kuikagua na kuirudisha, na mtu huyo naye ni mama yule yule. Kwa mafuriko, changisheni pesa. Mwenye pesa mkononi atanunua kinachotakiwa mahali palipo karibu na wenye shida.

Sasa nani anabaki? Watu husema Lamu ni joto, mfarishi wa nini? Wanaosema hivyo hawajamuuguza mgonjwa wa figo. Anayesafishwa damu kwa mashine hukaa kwenye kiti kama saa 4, damu yake ikizunguka nje ya mwili na kurudi, na wengi huhisi baridi kali hata kama nje ni jua la Februari. Mara inayofuata ni siku chache tu mbele, halafu nyingine, na nyingine. Huyu si mtu wa dharura. Tunamjua, tunajua siku zake, tunajua mtaa wake. Mfarishi wake hauna haja ya mita 2; unatakiwa kumfunika kuanzia kifuani hadi miguuni akiwa ameketi, bila kuburura sakafuni, na mkono wenye mpira wa kupitishia damu ubaki wazi ili muuguzi auone. Blanketi la dukani halikukatwa kwa kipimo hicho. Hapa ndipo mkono wa fundi anayemjua mtu unapolishinda duka.

Wako pia wazee wa kulala kitandani, ambao mwili umekonda mpaka shuka moja haitoshi alfajiri ya Julai upepo wa kusi unapopenya madirishani. Na wako wale wanaokwenda Mombasa kwa matibabu ya saratani, safari ya kutwa nzima ndani ya basi lenye kiyoyozi au madirisha yasiyofungika. Kwa hesabu yangu ya barazani, mtaa mmoja hauwezi kukosa watu wa namna hii, na hauwezi kuwa nao mia. Idadi hiyo inashoneka.

Kuhusu watoto wachanga niseme wazi, maana hapo ndipo kila kikundi hupenda kuanzia. Madaktari wa watoto wanashauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe na mfarishi wala blanketi lililolegea, kwa hofu ya kumziba pumzi. Mfarishi mdogo wenye maua ni mzuri wa kutandikwa sakafuni mtoto ajifunze kutambaa, si wa kumfunikia usiku, na anayeutoa ana wajibu wa kumwambia mama hivyo. Kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati au chini ya gramu 2,500, dawa ya baridi ni kifua cha mama mwenyewe: ngozi kwa ngozi, mtoto amefungwa kwa kitambaa. Mtindo huu ulianzishwa Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipokuwa na watoto wengi kuliko vitanda vya joto, na leo Shirika la Afya Duniani linausisitiza kila mahali. Kinachohitajika pale wodini ni leso laini na ndefu ya kumfungia mtoto, na kofia ndogo, kwa sababu mtoto wa namna hiyo hupoteza joto jingi kichwani. Kofia! Kama kuna mji duniani usiohitaji kufundishwa kushona kofia, ni huu.

Turudi kwenye mfarishi wenyewe, kwa sababu namna ya kuushona inaamua kama utatumika au utawekwa juu ya kabati. Hapa sioni haja ya kuwaiga wa nchi za theluji, wanaojaza katikati pamba nene. Msufi tunao, na mito ya msufi ni raha, lakini mfarishi wa msufi ukilowa hauna dawa: sufi hushikana mabonge. Hata pamba ya dukani ikijazwa nene itachukua siku kukauka wakati wa mvua za Mei, na kabla haijakauka imeshaota ukungu. Halafu kuna maji. Kisiwa chetu kinategemea visima vya kwenye machuguu ya mchanga ya Shela, na kuna nyumba ambazo maji ya bomba ni ya chumvichumvi. Kitu kizito kinakunywa ndoo ngapi mpaka sabuni itoke? Anayemuuguza mgonjwa anajua jibu.

Walioitatua kazi hii vizuri wako ng'ambo ya bahari hii hii. Katika vijiji vya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka nchini India, wanaishi Wasidi, watu ambao wazee wao walitoka Afrika, wengi wakipitia Goa wakati wa Wareno. Wamo Wakatoliki, wamo Wahindu, wamo Waislamu. Wanawake wao wanashona mfarishi uitwao kawandi. Hauna pamba katikati. Ni sari kuukuu iliyotandazwa, juu yake viraka vya nguo zilizochoka za watu wa nyumbani, vyote vikishikwa pamoja kwa bandi za mkono, yaani mishono ya sindano inayopita juu na chini. Mshonaji anaanzia pembeni, anazunguka ukingo wote, anaongeza kiraka baada ya kiraka akielekea ndani, mpaka mistari ya uzi inakutana katikati. Kwa kuwa uzi unapita kila mahali, safu hazihami zikifuliwa. Na kwenye pembe nne wanaweka vipande vidogo vya rangi vilivyopandanishwa, wanaviita maua. Mfarishi usiokuwa nayo wanauona uko uchi. Mwembamba, unakauka upesi, haumchomi mtu kwa joto, na una pambo mahali ambapo pambo halimkeri mgonjwa. Miaka ya 2000 waliunda ushirika wa kuuza kazi zao, na hilo nitalirudia.

Sisi tungekuwa na leso badala ya sari. Leso ina pindo la kuzunguka kando na mji wa katikati, kwa hiyo nusu ya kazi ya kupanga rangi imeshafanywa na mchoraji: pindo la leso moja laweza kuwa ukingo wa mfarishi mzima, na mji wa nyingine ukakaa katikati. Lakini leso mpya ina wanga, huchuja rangi, na kitambaa chake cha pamba hurudi kikifuliwa. Ukiiunga ikiwa mpya na kipande cha nailoni kilichobaki kwa fundi wa buibui, mfuo wa kwanza utakuonyesha: pamba imerudi, nailoni imekataa, mfarishi umejikunja kama uso wa mtu aliyeonja ndimu. Leso zifuliwe kwanza, mara mbili, zianikwe, zipigwe pasi, ndipo mkasi uingie. Nailoni ibaki kwenye mikoba.

Halafu yasomeni majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye leso, kabla ya kukata. Naomba hili lichukuliwe kwa uzito, ingawa najua mtacheka. Leso yetu husema, na mara nyingi husema kwa mtu fulani. Ile ya "Hasidi hana sababu" ina shughuli gani juu ya mapaja ya mgonjwa ambaye hata nguvu za kumhusudu mtu hana? Nimewahi kuona mto ulioshonwa kwa leso ya "Japo sipati tamaa sikati". Mkasi ulikuwa umepita katikati, na upande wa mbele ukabaki "Japo sipati". Mwenye mto alikuwa mzima wa afya na aliucheka. Ungekuwa wodini, sijui.

Shuka kuukuu za kulaza katikati zipo. Nyumba za wageni na hoteli za Shela hubadilisha shuka zikianza kupoteza weupe, na pamba yake huwa bado imara. Zikiombwa kwa utaratibu zitatoka. Tahadhari moja: mtu akileta marobota mawili ya mataulo yaliyochanika na mapazia yenye kutu ili apate nafasi ghalani, arudishiwe kwa heshima. Dini yetu imetukataza kuchagua kibovu kwa ajili ya sadaka, kitu ambacho mwenyewe ungekipokea kwa kufumba macho. Hilo linamhusu mwenye hoteli na linatuhusu sisi.

Sasa uzi nani analipa?

Tazama kofia ya mkono ya Lamu ilivyo. Vishimo vyake hutobolewa kimoja kimoja na kuzungushiwa uzi kimoja kimoja, safu juu ya safu, mpaka kitambaa cheupe kigeuke nakshi. Iliyo nzuri huchukua miezi na bei yake ni maelfu ya shilingi. Lamu mjini, na Siyu, Faza na Pate, ziko nyumba ambazo ada ya shule imetoka kwenye sindano hiyo. Mwanamke mwenye mkono wa namna hii ndiye kila kikundi humtafuta kwa ajili ya mfarishi, kwa sababu bandi zake zimenyooka. Kila jioni anayoshona mfarishi ni jioni ambayo kofia yake imelala ndani ya mfuko. Kwa hiyo akitoa mfarishi mmoja ametoa vishimo vya kofia visivyotobolewa, pesa ambazo zingeingia mwezi unaofuata. Mfadhili aliyenunua vitambaa ametoa kidogo kuliko yeye. Diwani aliyekuja kukabidhi hajatoa chochote.

Na hafla za kukabidhi mnazijua. Nilikaa kwenye moja ambapo waliohutubu walikuwa wengi kuliko walioshona, na jina kubwa kwenye bango lilikuwa la yule aliyeleta soda. Walioshona walikuwa jikoni wakipakua. Wagonjwa walipangwa mstari wapigwe picha, kila mmoja ameshikishwa zawadi yake mbele ya kifua, wakati mkono wa kulia ukitoa tunafundishwa hata wa kushoto usijue. Mzee mmoja aliinamisha kichwa picha ikipigwa, mpigaji akamwomba ainue. Nilitamani kuondoka na sikuondoka, chakula kilikuwa hakijatoka.

Nitaambiwa sadaka hailipwi, na kwamba nikianza kutaja ujira nitawaharibia kina mama thawabu zao. Sijasema walipwe wote. Anayetaka kutoa mkono wake kwa ajili ya Mungu atoe, na hakuna mwenye haki ya kumzuia. Ninachopinga ni jamii nzima kumwachia yeye kitambaa, uzi, muda na nauli, kisha ikajigawia sifa kwa usawa. Wanawake weusi wa Gee's Bend, Alabama, Marekani, walishona mifarishi kutoka nguo za kazi zilizochakaa kwa sababu nyumba zao ziliingiza baridi. Mwaka 1966, katika wilaya yao, ushirika wa Freedom Quilting Bee ulianzishwa ili sindano iingize pesa. Mwaka 2002 mifarishi ya Gee's Bend ikatundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, ikasifiwa kuwa miongoni mwa sanaa kubwa za nchi ile; mwaka 2006 ikatolewa kwenye stempu za posta. Mwaka uliofuata baadhi ya washonaji walikuwa mahakamani wakidai hawakupewa haki yao katika yaliyovunwa kutokana na kazi hiyo. Kesi zile zilimalizwa kwa maelewano, lakini miaka ya kusifiwa tu ilikuwa imeshapita.

Kwa hiyo mpango ninaouona unafaa kwetu unaanza na pesa kabla ya sindano. Mji huu unajua wakfu. Nyumba na mashamba ya minazi yaliyowekwa wakfu yamelisha misikiti na madrasa tangu enzi za mababu. Hakuna kinachozuia kodi ya chumba kimoja cha duka kuwekwa kwa ajili ya vitambaa na uzi, wala wenye maduka ya leso kutoa jozi moja moja kwa zamu kila mwezi. Kuunga viraka kufanywe kwa cherehani na fundi, alipwe kwa kipande kama anavyolipwa kwa kanzu. Kazi ya bandi za mkono, ambayo ndiyo inayokusanya watu na mazungumzo, iwe ya kujitolea kwa anayetaka. Na kila kikundi kikishona mitatu, wa nne uuzwe. Wageni wanaopita Lamu hununua mikoba iliyoshonwa kwa matanga ya jahazi na hawaulizi bei mara mbili. Mfarishi mwembamba wa leso utapata mnunuzi, na pesa yake igawanywe kwa walioushona. Wasidi hawakuona haya kuuza. Waliouza ndio wanaoendelea kushona.

Mnieleweshe mkiona nimekosea kwenye uwiano wa tatu kwa moja. Huenda ukawa mbili kwa moja. Ila uwiano uwepo, uandikwe, na daftari likae kwa mama mwenyewe, si kwa mweka hazina wa kamati ambaye hajawahi kutunga uzi.

Lililobaki ni wakati, na hapo majira yametupangia. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likikausha kitu kwa saa mbili, ndiyo miezi ya kufua leso na shuka. Aprili na Mei, mvua ikitufungia ndani, zikatwe na kupelekwa kwa fundi. Kusi ikishika, kuanzia Juni hadi Agosti, bahari huchafuka, na wavuvi wengi huwa wameketi barazani kuanzia Alasiri hadi Magharibi, wakilalamikia bei ya mafuta ya mashua na kucheza bao. Wanaume wa Lamu hushona kofia na hawajawahi kuona aibu, na wengi wa hao wavuvi huziba nyavu zao wenyewe, kwa hiyo sindano wanaijua. Mifarishi iliyofika kwenye hatua ya bandi itandazwe pale pale barazani, na wa kwanza kuulizwa nani ana nafasi wawe wao, kabla hajatumwa mtoto ndani kumwita mama yake.